Linda Namba Yako ya Siri

Somo letu la leo ni kulinda fedha zilizo katika simu.

Hapa Mtwara minada ya korosho huanza kwenye mwezi wa Oktoba, na malipo ya mkulima hupitia benki. Mwizi naye ajua majira hayo. Hupeleka ujumbe kwa watu wengi asiowajua: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Kati yao hakosekani mmoja aliyekuwa akijiandaa kumpelekea ndugu yake fedha kule Newala au Msimbati. Huyo hudhani ni nduguye, akatuma. Jasho la mwaka mzima likapotea kwa dakika moja. Basi, kabla ya kutuma, mpigie ndugu yako kwa namba unayoijua, usikie sauti yake.

Mwizi wa pili husema, "Nimekutumia fedha kwa makosa, nirudishie." Usiamini ujumbe wake, tazama salio lako. Hata kama zimeingia kweli, mwambie aiarifu kampuni ya simu, nayo itashughulikia.

Wa tatu hujiita karani wa benki, akataka namba yako ya siri. Karani wa kweli haiulizi kamwe. Kufuli ni la benki. Ufunguo ni wako.

Ujumbe wa namna hiyo upeleke kwa 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Swali la kujadiliana: Kwa nini wezi wote watatu hutuharakisha?

Kwaheri, mpaka somo lijalo.