Fahamu: Kwa Nini Mtambo wa Kibandani Huenda Ukaishinda Intaneti

Madhali michezo ya video itiririshwayo kupitia intaneti huendeshwa na kompyuta za mbali, na kila kitufe kibonyezwacho hakina budi kusafiri hadi huko kabla ya picha kurejea, ucheleweshaji mdogo tu watosha kumnyima mtu bao. Google, licha ya utajiri wake, ilizindua Stadia, huduma yake ya michezo ya aina hiyo, Novemba 2019, isiifikishe Kenya kamwe, kisha ikaifunga Januari 2023. Rai yangu, ambayo aghalabu vijana huikataa, ni kwamba katika mji wa Kiriaini, Kenya, ambako bando ni mzigo kwa mfuko wa kijana, PlayStation kuukuu ya kibandani, ilipiwayo kwa mechi, itadumu zaidi. Tena mshindwa humkabidhi mwenziwe pedi papo hapo, huku watazamaji wakimzomea, nayo ndiyo nusu ya ladha.