Unapoomba krediti, jina lako linakutangulia

Wengi wetu tuko na ndugu Marekani. Wakipiga simu, hawakosi kuzungumuzia alama yao ya krediti. Kule, mutu mwenye kukopa anapewa namba, kuanzia 300 mpaka 850. Namba ikiwa chini, hata nyumba ya kupanga inakuwa ngumu kupata, na gari unalikopa kwa faida kubwa. Katika hesabu inayotumiwa zaidi, 35 kwa mia inatoka kwa swali moja tu: unalipaka kwa siku yake?

Hapa kwetu mashariki ya Congo, hakuna anayetembea na namba ya namna hiyo. Lakini tusidanganyike, alama tuko nayo. Iliandikwa tu mahali mbalimbali, na mara nyingi mutu anaijua siku dosie yake inakataliwa.

Alama yako iko wapi?

Kwanza, iko katika dosie ya banki, COOPEC ao mikrofinanse pale ulipokopa. Kila tarehe uliyolipa na kila siku uliyochelewa imebaki mule.

Pili, iko kwa Banki Kuu ya Congo. Banki Kuu iko na daftari ya madeni inayoitwa Centrale des risques. Wanaotoa krediti wanapeleka kule habari za wateja wao, na wanaweza kuuliza kule mbele ya kutoa krediti mupya. Kwa hiyo, deni uliloacha Bukavu linaweza kukungojea Bunia ao Kindu.

Tatu, iko kwa watu wenye kukujua. Ajenti wa krediti anafika kwako nyumbani na ku soko. Anauliza jirani wa meza, anauliza shefu wa avenue. Ukiwa mu AVEC, kitabu chako kinasema kila juma uliweka ngapi, ulikopa ngapi, na kama ulirudisha.

Ajenti anatafuta kujua nini?

Wengi wanafikiri kwamba jambo kubwa ni garanti: karatasi za parsele, friji, televizyo. Garanti ni ya kusaidia siku mambo yameharibika. Ajenti mwenye kujua kazi anaanza na maswali mengine: Biashara inaingiza ngapi? Inabakisha ngapi? Uko na madeni mengine? Yale ya zamani ulilipa namna gani?

Tuchukue mufano. Mama anauzisha bitenge, na kiisha kutosha transporti na taksi za soko, anabaki na dola 150 kila mwezi. Akiomba krediti ya kulipa dola 50 kwa mwezi, ni moja ya tatu ya faida yake, anaweza. Akiomba ile ya kulipa 120, anabaki na dola 30 za chakula na masomo. Mutoto akigonjwa mwezi mumoja tu, malipo inachelewa. Hapo jina linaanza kuchafuka, hata kama mama mwenyewe si mwizi.

Krediti ya mwingine ku jina lako

Hapa njo kwenye wengi wanaangukia. Rafiki anakuambia: « Mimi nilishakataliwa, weye ukope ku jina lako, nitakuwa nalipa. » Mbele ya banki, yeye hayuko. Deni ni lako, na akichelewa, ni weye umechelewa.

Kuwa avalize ni karibu vile vile. Watu wanatia sinyatire juu ya urafiki, juu ya kanisa moja, juu ya haya ya kumukatalia shemeji. Lakini sinyatire ile inasema: huyu asipolipa, mimi nitalipa. Na siku utaomba krediti yako, ajenti anaweza kuhesabia deni lile pia. Mbele ya kutia sinyatire, jiulize: pesa hii yote, ninaweza kuilipa mwenyewe? Kama hapana, kataa kwa heshima. Afazali shemeji akasirike juma moja.

Namna ya kujenga jina

Anza kidogo. Krediti ya dola 100 iliyolipwa sawasawa inakusemea vizuri kuliko ya 1.000 iliyolipwa kwa kusukumwa. Kama haujafika kwa banki, AVEC ni masomo mazuri: wanamemba 15 mpaka 25, sanduku lenye kufuli tatu, na kila kitu kinaandikwa mbele ya wote.

Pitisha pesa mahali inaonekana. Weka akiba kidogo kila juma ku konti yako, na tumia laini ya simu iliyoandikishwa ku jina lako, hapana ya mutoto ao jirani. Andika mauzo yako mu kayee kila siku. Jina lako liandikwe namna moja ku kila karatasi, kama vile ku karte ya uchaguzi.

Usilipe deni kwa deni lingine. Ukiona mwezi huu haitawezekana, enda kuona ajenti mbele ya tarehe, hapana nyuma. Uombe wapange upya malipo, na mapatano yaandikwe. Mwenye kuzima simu anajihukumu mwenyewe.

Na banki ikifungwa?

Mwaka wa 2025, wakaaji wa Goma na Bukavu waliona mabanki yakifunga milango juu ya vita. Mulango ukifungwa, deni halijifuti. Chunga mukataba, resi na mesaje za simu za kila malipo. Usimupe ajenti pesa mukononi bila resi yenye kashe. Ukishindwa kulipa juu ya banki kufungwa, andika barua yenye tarehe na ubakie na kopi. Siku ya mazungumuzo, mwenye karatasi njo anasikilizwa.

Tena, mutu akikuambia umupe pesa ili afute jina lako Kinshasa, usimusikilize. Deni linafutwa kwa kulipwa, na kama kuna kosa ku dosie, ni pale ulipokopa unaanza kulalamika.

Kiisha kulipa franka ya mwisho, usirudi nyumbani mikono mitupu. Omba karatasi inayosema krediti imeisha, na urudishiwe garanti zako. Karatasi ile utaionyesha pale utakapokopa tena.