Likizo ya Asiye na Bosi

Mtu aliyeajiriwa akiomba viza ya Schengen, hupeleka pia barua ya mwajiri: fulani ni mfanyakazi wetu, tumempa likizo kuanzia tarehe hii hadi ile, tunamtegemea kazini akirudi. Ofisa utumishi anaichapa, anagonga muhuri, kazi imekwisha. Aliyejiajiri hana pa kwenda kuiomba. Anakaa mbele ya kompyuta yake na kujiandikia maelezo: kwamba yeye mfasiri amejipa ruhusa ya siku 12, na kwamba atarudi kwa sababu wateja wake wanamsubiri. Kisha anatia saini mahali ambapo kwa wenzake husaini bosi.

Tumchukue mfasiri mmoja wa mfano, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, kati ya wengi wanaoishi kwa kazi za vipande. Anafasiri maelezo ya dawa, mikataba na maneno ya programu za simu kutoka Kiingereza, na anayempa kazi nyingi ni wakala aliyeko Berlin, anayelipa kwa neno. Ofisi ni meza ya chakula. Mtaani wanamjua kama kijana aliyemaliza chuo akabaki nyumbani. Mama wa nyumba ya pili, akimkuta dukani saa nne asubuhi, humwuliza kwa huruma: "Mwanangu, kazi bado?" Naye humwitikia, "Bado, mama, tunaendelea kutafuta," maana maelezo kamili yangemchukua hadi adhuhuri.

Sasa anataka kwenda Lisbon. Mfasiri hutembea na maneno, na ya Kireno ameyabeba maisha yake yote bila kuona yalikotoka: meza, leso, bendera, mvinyo, padri. Hata gereza lilianzia huko, likiwa na maana ya kanisa. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Yeye anakwenda kulipiza ziara.

Hesabu ndiyo inayoanza kumtoa jasho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania siku 28 za likizo ya mwaka, mshahara ukiendelea kuingia. Mfanyakazi huru hamo katika kifungu hicho. Siku asiyofasiri ni siku isiyo na senti, kwa hiyo safari anailipia mara mbili: kwanza nauli, chumba na chakula, halafu kazi ambayo hakuifanya.

Mfasiri mwenye mkono mwepesi hutoa maneno kama 2,000 kwa siku. Katika siku 12 za safari, tisa ni za kazi. Hayo ni maneno 18,000 yatakayopotea. Akitaka kuyafidia kabla hajaondoka, na akijipa wiki sita zenye siku 30 za kazi, lazima aongeze maneno 600 kila siku. Kwa mwendo wake wa maneno 250 kwa saa, ni saa mbili na nusu kasoro kila usiku, baada ya chakula, wakati wenzake sebuleni wanatazama mpira. Likizo ya siku 12 imeshakula usingizi wa wiki sita, na viza yenyewe bado.

Viza nayo ina masharti yake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Ya kielektroniki, iliyozinduliwa Tanzania Januari 2018, ilimgharimu shilingi 150,000. Bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Ada ya viza ilipanda Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na ukinyimwa hairudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, yasipungue siku 15. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila yanaweza kusogezwa hadi 45.

Yote hayo yanampata kila mwombaji. La mfanyakazi huru ni taarifa ya benki. Ya mwajiriwa inasomeka kama mapigo ya moyo: kila mwisho wa mwezi, kiasi kilekile, kutoka kulekule. Ya mfasiri wetu ni kama mvua za vuli. Wakala hulipa siku 30, wakati mwingine 60, baada ya kupokea ankara. Kwa hiyo kazi ya Machi inalipwa Mei, Aprili inaonekana kama mwezi wa njaa, kisha Juni zinaingia ankara tatu kwa mkupuo. Anayekagua faili asiyejua mtiririko huo ataona mtu aliyekopa fedha ili kunenepesha akaunti. Dawa yake ni karatasi juu ya karatasi: namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara, mkataba na wakala, na kila ankara ikiambatanishwa na siku fedha zake zilipoingia. Jioni nzima inaishia kwenye kupanga, kutoboa na kufunga faili.

Wateja nao wataarifiwe. Ukimwambia mteja mapema mno, anasahau, ukichelewa, anakasirika, na wakati wote kuna hofu kwamba atampa kazi mtu mwingine, ampende, asirudi. Mfasiri anamwachia mwenzake wa Morogoro kazi ndogondogo, kwa makubaliano kwamba mwenzake akisafiri, naye atamshikia. Ndiyo bima pekee ya likizo waliyonayo.

Tena kuna saa. Majira ya joto, Berlin ikifika saa tatu asubuhi, Dar es Salaam ni saa nne, kwa hiyo amezoea kuamka na kumtangulia mteja. Lisbon iko nyuma ya Berlin kwa saa moja. Huko mteja ndiye atakayekuwa macho kwanza, na ujumbe wake utamkuta mfasiri kitandani.

Ureno ina viza ya wanaofanya kazi kwa mbali, iliyoanza Oktoba 2022 kwa wenye kipato kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa huko. Mfasiri wetu hakuiulizia. Anataka kwenda asikokuwa na kazi.

Wiki ya mwisho ni ya mambo madogo yanayouma. Benki na tovuti ya wakala hutuma namba za siri kwa ujumbe wa simu, hivyo laini ya Tanzania lazima iwashwe huduma ya kutumika nje ya nchi. Ananunua umeme wa LUKU wa kuwatosha waliobaki. Mama wa jirani, aliyesikia habari, anafika mlangoni: "Kumbe umepata kazi Ulaya, mwanangu! Usitusahau." Anamshukuru, anapokea na kifurushi cha karanga za kukaanga.

Usiku wa kuamkia safari anaandika ujumbe utakaowajibu wateja wenyewe, anausoma mara nne, anafuta pole zote mbili. Kompyuta mpakato anaitia begini, anaitoa, anairudisha chini ya nguo. Chaja ya simu ina meno mawili ya mviringo na itaingia bila shida katika soketi za Lisbon. Chaja ya kompyuta ina meno matatu bapa. Adapta zinauzwa Kariakoo, na juzi alipita mbele ya duka lenyewe. Hakununua.