Buku la Kuimbia la Eton

Kila mwalimu wa korali anajua tabu hii: waimbaji wa sauti ya tatu wamepoteza daftari yao, na wimbo wa sauti nne umekuwa kilema. Tabu ya namna hiyo iliwapata Waingereza, si korali moja tu bali taifa zima, na ilidumu karibu miaka mia nne.

Mbele ya mwaka 1530 Uingereza ilikuwa nchi ya Kikatolika, na makanisa yake makubwa yalikuwa na waimbaji hodari sana. Shule ya Eton, karibu na Windsor, ilianzishwa na Mfalme Henry VI katika mwaka 1440. Sheria yake iliagiza watoto waimbe kila jioni antifona ya Bikira Maria mbele ya sanamu yake. Kwa ibada ile, yapata miaka 1500 mpaka 1505, liliandikwa kwa mkono buku moja la ngozi, kubwa hata waimbaji wote waliweza kusimama mbele yake na kulisoma pamoja.

Kisha mambo yaligeuka. Monasteri zilifungwa toka 1536 hata 1540, na sheria ya mwaka 1550 iliamuru kuharibu mabuku ya ibada ya zamani. Katika mabuku makubwa ya kuimbia ya wakati ule, pasipo kuhesabu vipande vipande, yaliokoka matatu tu: la Eton, la Lambeth na la Caius. Nalo la Eton liliumia. Lilikuwa na karatasi 224 za ngozi, zimebaki 126. Orodha iliyomo inataja nyimbo 93. Zimebaki 64, na nyingine si nzima.

Lakini kitu kubaki katika maktaba si kusema kinaimbwa. Ukilifungua buku hilo leo, hata kama unasoma nota vizuri, utashindwa. Sauti hazikupangwa moja juu ya nyingine kama katika mabuku yetu. Kila sauti ina mahali pake peke yake katika kurasa mbili zinazotazamana, na hakuna mistari ya kugawa vipimo. Tena nota moja ya umbo lile lile mara ina thamani ya nota mbili ndogo, mara ya tatu, kadiri ya alama iliyotangulia na jirani zake. Na mara nyingi alama za kupandisha au kushusha nota hazikuandikwa, kwa sababu mwimbaji wa zamani alijifunza tangu utoto mahali pa kuzitia.

Hii ndiyo kazi ya mtaalamu anayetayarisha chapa mpya. Ananakili kila sauti, anazipanga pamoja, analinganisha buku na mabuku mengine yenye wimbo ule ule. Akiongeza alama, anaitia ndogo juu ya nota, ili msomaji ajue: hii ni yangu, si ya mtunzi. Akisahihisha kosa la mwandishi wa zamani, anaeleza mwishoni alilolikuta na alilolibadili. Orodha ile ya masahihisho inachosha kusoma, lakini kwangu ndiyo kurasa za thamani kupita zote. Pasipo hizo tungelazimika kumwamini tu.

Kazi hii ilianza kwa watu waliotaka kuimba. Richard Terry, mwalimu wa muziki katika kanisa kuu la Kikatolika la Westminster tangu 1901, aliwaimbisha watu wake Misa za Byrd na nyimbo za Tallis, zilizokuwa karibu kusahauliwa. Mabuku kumi ya muziki wa Kanisa wa nyakati zile yalipigwa chapa toka 1922 hata 1929. Wadachi na watu wa Austria walikuwa wametangulia: mabuku yao ya taifa yalianza 1892 na 1894. Waingereza walianzisha Musica Britannica katika 1951, nayo imekwisha kupita mabuku 100. Buku la Eton lilitoka humo katika mafungu matatu, toka 1956 hata 1961, kwa kazi ya Frank Harrison, mzaliwa wa Dublin.

Ndipo watu waliposikia tena Salve Regina ya Robert Wylkynson, yenye sauti tisa, kila sauti ikiitwa kwa jina la kikosi kimoja cha malaika. Walijua pia kwamba Richard Davy alitunga wimbo wake mmoja mrefu kwa siku moja tu, maana mwandishi wa buku alilitaja jambo hilo. (Waseminari wanaoacha kazi ya muziki mpaka usiku wa mwisho wasifanye hili kuwa kisingizio.)

Kuna shida nyingine ngumu zaidi. Katika mabuku ya Peterhouse, huko Cambridge, yaliyoandikwa yapata 1540, kila sauti ilikuwa na buku lake, na buku la tenori limepotea. Mtaalamu Nick Sandon alitunga upya sauti ile ya tenori, wimbo baada ya wimbo. Je, ni haki? Wengine wanasema aache nafasi wazi. Mimi naona amefanya vema, mradi kila mtu aambiwe wazi kazi yake ni ipi, maana wimbo wenye shimo katikati hauna atakayeuimba.

Kwa buku la Eton shida haiponyeki kwa njia ile. Katika orodha yake kungali majina ya nyimbo 29 ambazo humo hakuna hata nota moja, ila jina la mtunzi na hesabu ya sauti. Chache zimeonekana katika mabuku mengine.