Jina la Campbell Halimpi Mtu Babu Mwenye Ngome

Swali ni lilelile, hubadilika jina tu. “Mume wangu ni Campbell, na nyaraka za wakuu wa Campbell zipo Edinburgh. Babu yake tutampata kwenye boksi gani?” Akitoka huyo anaingia wa Grant, kisha wa Murray, kisha wa Stewart. Jibu langu halijabadilika: jina la ukoo peke yake halifungui boksi lolote. Anayeingia na jina tu katika nyaraka za wamiliki wa ardhi wa Uskoti wa karne ya 16 na ya 17 atatoka na babu wa mtu mwingine.

Nyaraka hizi zilitunzwa ili mwenye ardhi ashinde kesi. Hati ya mfalme iliyompa ardhi, mkataba wa ndoa ulioonyesha mali aliyoitoa baba wa bibi harusi, rehani, risiti za madeni, daftari la kodi: vyote vilifungiwa kashani kwa sababu jirani au ndugu angeweza kudai wakati wowote. Mkulima aliyepanga shamba huonekana humo pale anapolipa, anapodaiwa au anaposhtakiwa. Nasaba yake haikumhusu karani.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe, kwamba kila mwenye jina la mkuu wa ukoo ni damu ya mkuu huyo. Si kweli, na shahidi wa kwanza ni nyaraka za wakuu wenyewe.

Chukua Wacampbell wa Glenorchy, ambao baadaye walikuwa mabwana wa Breadalbane. Nyaraka zao zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uskoti, Edinburgh, chini ya alama GD112. Humo mna mikataba ambayo familia za majina mengine zilimkubali bwana wa Glenorchy kuwa mkuu wao. Wao watamtumikia, yeye atawalinda, na mwenye nyumba akifa, mnyama wake bora kuliko wote atakwenda kwa bwana. Mwanahistoria Jenny Wormald alikusanya mikataba ya utumishi na ulinzi kutoka Uskoti nzima, ya kati ya 1442 na 1603, akapata takriban 800. Familia iliyoingia kwa mkuu kwa kutia saini haikuingia kwa kuzaliwa, hata kama wajukuu wake walikuja kuitwa kwa jina la mkuu huyo.

Shahidi wa pili anauma zaidi. Februari 1603 Wamacgregor waliwashinda Wacolquhoun katika bonde la Glen Fruin na kuua wengi. Aprili mwaka huohuo Baraza la Mfalme likapiga marufuku jina la MacGregor, na adhabu ikawa kifo. Watu wakalazimika kujiita Campbell, Murray, Grant, Drummond au Stewart, mara nyingi kwa kufuata bwana aliyewapa hifadhi au aliyewawekea dhamana. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa kabisa 1774. Rob Roy, MacGregor mashuhuri kuliko wote, alitumia Campbell, jina la ukoo wa mama yake.

Kumbuka pia kwamba mwaka 1570 Colin Campbell wa Glenorchy alimuua Gregor MacGregor wa Glenstrae kwa kumkata kichwa, na kwamba Duncan, mwana wa Colin, alikuwa mstari wa mbele kuwawinda Wamacgregor baada ya 1603. Basi Campbell wa leo mwenye asili ya jimbo la Perthshire anaweza kuwa mzao wa watu waliowindwa na Wacampbell. Ukimpachika kwenye nasaba ya Glenorchy, unamkabidhi kwa wauaji wa babu zake na kumwambia hao ndio wazazi wake. Hilo si kosa dogo la kumbukumbu, ni kuwadhulumu marehemu.

Shahidi wa tatu ni daftari la kodi. Katika Nyanda za Juu mpangaji mara nyingi aliandikwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, bila jina la ukoo. Nao wanawake wa Uskoti wa wakati huo hawakuacha jina la kwao kwa kuolewa, hivyo nyumba moja ilibeba majina mawili. Mke wa Gregor aliyekatwa kichwa alikuwa Campbell, na watoto wake walikuwa MacGregor.

Juu ya imani hii imejengwa biashara nzima ya vyeti vya ukoo, nembo za familia na vitambaa vya mirabaraba. Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja, kisha ya mrithi wake. Sheria ya 1672 iliagiza nembo zote ziandikishwe katika daftari la Lord Lyon, msimamizi wa nembo wa Uskoti. Anayekuuzia nembo ya jina lako anakuuzia mali ya mtu. Kuhusu vitambaa, kitabu kilichovumisha mirabaraba mingi ya koo, Vestiarium Scoticum cha 1842, kilidai kutoka katika mswada wa kale ambao haukuonyeshwa kamwe kwa wachunguzi, na wataalamu wamekihukumu kuwa cha kughushi. Vaa kitambaa ukikipenda, lakini usikilete mezani kwangu kama ushahidi.

Sasa la kufanya. Anza na rejista za serikali za vizazi, ndoa na vifo, zilizoanza 1855, kupitia tovuti ya ScotlandsPeople. Kisha rudi nyuma kwa daftari za parokia. Unachotafuta humo ni jina la shamba. Ukilipata, uliza nani alimiliki ardhi hiyo, halafu tafuta nyaraka za mmiliki huyo katika katalogi ya Hifadhi ya Taifa, kwenye mafungu yenye alama GD. Kama bado zipo nyumbani kwa familia, pitia Rejista ya Taifa ya Nyaraka Binafsi, iliyoanza 1946, na uombe ruhusa. Agiza madaftari ya kodi na mikataba ya upangaji kabla ya barua. Babu akiwa mwenye ardhi, tazama Rejista ya Sasines, yaani ya hati za ardhi, ya tangu 1617. Kama shamba lilitwaliwa na serikali baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme, soma taarifa za 1755 na 1756, zina habari nyingi za wapangaji. Angalia tarehe: kabla ya 1600 mwaka ulianza 25 Machi, hivyo Februari 1570 ya hati ni Februari 1571 yetu. Angalia fedha: kuanzia 1603 pauni 12 za Uskoti zilikuwa pauni 1 ya Uingereza. Na jifunze mwandiko wa wakati huo kabla ya kupanda ndege.

Wengi watafika karne ya 18 kisha njia itakatika, kwa sababu mpangaji maskini hakuandikwa vya kutosha. Ikikatika, simama hapo. Mkulima aliyelipa kodi ya shayiri na kuku mwaka baada ya mwaka anastahili kukumbukwa kama alivyokuwa, na hakuna bwana mwenye ngome anayefaa kuwekwa mahali pake. Kwa hiyo msiniletee jina la ukoo, leteni jina la shamba.