Mbegu za ndege: zioteshe kwanza kabla ya kununua gunia

Pita barazani Mji wa Kale, au vichochoro vya Kisauni na Likoni, na hutakosa tundu la ndege limetundikwa mahali. Njiwa na kasuku tumewazoea. Wapo pia hawa wadogo wenye mdomo mwekundu, finchi, hasa wale wenye asili ya Australia na milia kifuani ambao wauzaji huwaita zebra. Na malalamiko ya wanaowafuga ni yale yale: jioni ndege alikuwa akiruka, asubuhi yuko chini ya tundu, miguu juu. Mwenyewe atasema ni upepo wa kusi. Wengine watasema ni jicho. Kabla hujamtafuta jirani mwenye jicho hilo, tazama kwanza kikopo cha chakula.

Finchi ana uzito wa gramu 12 hivi. Mwili wa kiasi hicho hauna akiba, na kukaa siku nzima bila chakula kunaweza kumuua. Kisha ana tabia ya kumenya kila punje: hula kiini, ganda hulidondosha pale pale kikoponi. Baada ya siku mbili kikopo kinaonekana kimejaa, kumbe ni makapi matupu. Kila asubuhi kipulize taratibu makapi yapeperuke, uone kilichobaki. Ndege wengi hufa njaa mbele ya kikopo kilichojaa.

Lakini hata kikopo kikijaa mbegu kweli, swali linabaki: mbegu gani? Hapa wengi hutazama paketi. Ikiwa na picha nzuri na maandishi ya Ulaya, basi ni bora. Mimi siamini hivyo. Mbegu iliyokaa ghalani, ikasafiri kwa meli, ikakaa bandarini, kisha ikakaa tena kwenye rafu ya duka lenye joto, inaweza kuwa imekufa kitambo, na paketi bado inang'aa. Wimbi letu la sokoni, likiwa jipya na safi, linaishinda.

Nasema imekufa kwa sababu mbegu nzima ni kitu chenye uhai, kimelala tu. Ikizeeka au ikipata joto na unyevu, mafuta yaliyomo huchacha, vitamini hupungua, na mwisho haioti tena. Ndege ataila, lakini atakuwa anashiba bila kunufaika.

Njia ya kujua ni rahisi. Nunua kidogo kwanza, robo kilo yatosha. Hesabu punje 100 bila kuchagua zilizonona. Zitandaze juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa, zifunike kwa kitambaa kingine, uziweke kwenye sahani kivulini. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, yasituame. Kwa joto la Pwani, wimbi na mawele huanza kuchipua siku ya pili au ya tatu. Siku ya tano hesabu. Zikiota 80 na zaidi, rudi ukanunue za mwezi mzima. Zikiota nusu, muuzaji ana maneno ya kujibu. Na zikivaa ukungu wa kijani au mweusi kabla ya kuota, hata usibishane naye, tafuta duka jingine.

Dukani penyewe, pua na mkono husaidia. Tia mkono ndani ya gunia hadi chini, maana juu huwekwa nzuri. Mbegu njema ni kavu, inateleza vidoleni, haikuachii vumbi jingi kiganjani. Inuse: inanukia nafaka, haina uvundo. Mdudu mmoja mmoja hauniogopeshi sana, lakini punje zilizotobolewa na utando wa nondo ulioshikanisha mbegu ni dalili kwamba gunia limekaa mno.

Kwa finchi, tafuta punje ndogo. Wimbi linamfaa, mawele pia, na mbegu za kanari ukizipata. Mtama wa kawaida ni mkubwa kwa mdomo wake. Alizeti ni ya kasuku. Jihadhari na michanganyiko ya rangirangi iliyotiwa mahindi yaliyovunjwa: unalipia uzito wa vitu ambavyo ndege ataviacha, halafu unaambiwa ndege wako ni mchaguzi.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye maduka ya pembejeo za kilimo. Mtu huona mbegu za mtama au mawele zimefungwa vizuri, anadhani ndizo safi kupita za sokoni. Zile ni za kupanda. Nyingi zimepakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, ndiyo maana zina rangi nyekundu, ya waridi, kijani au buluu. Kuziosha hakuzifanyi kuwa salama. Ndege wa gramu 12 hahitaji punje nyingi kama hizo. Soma maandishi ya pakiti, na muulize muuzaji waziwazi: hizi ni za kula au za kupanda?

La pili ni sumu ya kuvu, aflatoksini. Wakenya tunaijua kwa uchungu: mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Lakini sumu hiyo iligunduliwa kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikapatikana kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ini la ndege haliwezi kuihimili, na kuanika nafaka juani baada ya kuvunda hakuiondoi.

Kwa hiyo namna ya kuweka mbegu ni muhimu sawa na kununua, hasa kwetu ambako hewa yenyewe ina maji, na masika yakianza hata chumvi hulowa. Toa mbegu kwenye mfuko wa nailoni. Zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, uiweke mbali na jiko na dirisha. Mwenye friji azigandishe siku chache kwanza, wadudu na mayai yao wafe, kisha aziache zirudie joto la kawaida kabla ya kufungua, zisije zikaloa.

Kuna kitu kimoja hutalipia: ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufuoni. Uloweke maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, chumvi itoke, uanike, uuning'inize tunduni. Una chokaa ambayo mbegu hazina, na jike anayetaga anaihitaji sana.

Mbegu zilizoshindwa kuota kwa sababu ya uzee tu, kuku watazila. Zenye uvundo zichome au uzifukie. Usiwatupie kuku, wala usiwauzie wenzako.