Nibu ya Kalamu ya Wino

Wako watu wadhanio ya kuwa nibu zote za kalamu za wino ni moja, kama misumari ya inchi mbili ilivyo moja kila dukani. Mimi nami nilikuwa miongoni mwao, hata siku ile kalamu aliyoniachia marehemu baba yangu ilipoanguka kichwa chini juu ya sakafu ya saruji. Nilipoiinua, vidole viwili vya nibu vilikuwa vimeachana kama miguu ya panzi.

Kwanza, msomaji, yakupasa kujua jinsi kalamu hii ifanyavyo kazi. Nibu ni bamba jembamba la chuma kisichoshika kutu upesi, au la dhahabu, nalo limebinuliwa kidogo kama kigae cha paa. Katikati yake umekatwa ufa mwembamba sana, na kwenye ncha kuna chembe ya madini magumu, ndiyo iigusayo karatasi. Chini ya nibu kuna ulimi mweusi wenye mfereji. Wino huufuata mfereji, kisha ufa, kwa kuwa kitu cha majimaji huvutwa na njia nyembamba, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Tena wino ukitoka, sharti hewa iingie mahali pake. Hila ya kutoa wino na kuingiza hewa kwa kiasi ndiyo iliyompatia sifa L. E. Waterman wa New York, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1884.

Basi waona ya kuwa nibu isipolala sawasawa juu ya ulimi, kalamu haifai kitu. Ukiwapo mwanya, wino hukatika katikati ya neno. Au pengine humwagika wote pamoja na kuharibu daftari.

Nilipanda gari kutoka Vwawa hata Tunduma. Mji ule uko mpakani, na ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita pale kwenda Zambia na Kongo. Nikasema moyoni, mahali papitapo mali nyingi namna hii hapatakosa nibu moja. Nikamkuta mzee mmoja auzaye madaftari, naye ana kopo lililojaa kalamu kuukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu," akajibu. Alikuwa ameiona chaki katika mkono wa koti langu.

Nikachagua nibu iliyong'aa kuliko zote nikaanza kuisukuma kwa kidole gumba. Mzee akanishika mkono. "Taratibu, mwalimu. Ukitia nguvu utaipasua shingo, na shingo ya kalamu hii huipati tena. Hebu nipe ile nibu mbovu."

Akaziweka mbili juu ya karatasi. Urefu ulikuwa sawa, na upana wa mabega ulikuwa karibu sawa. Lakini alipozigeuza na kuzitazama kwa nyuma, yangu ilikuwa imebinuka zaidi, na ile mpya ilikuwa bapa. Huo mbinuko ndio uwadanganyao watu wengi, maana hauonekani kwa kutazama juu.

Nibu nyingi za siku hizi huitwa kwa namba, na zilizoenea ni namba 5 na namba 6. Namba 5 hukaa juu ya ulimi wa unene wa milimita 5 hivi. Namba 6 hutaka ulimi mnene zaidi. Lakini usiitegemee namba peke yake, kwa kuwa watengenezaji wa zamani walihesabu kila mtu kwa kipimo chake. Hata leo viwanda viwili vya Ujerumani, Bock na JoWo, huuza nibu za namba moja, lakini vikombe vya skurubu vishikavyo nibu na ulimi havibadilishani. Afadhali walikuwa Esterbrook wa Marekani: kalamu zao nyingi zilichukua nibu za skurubu za aina moja, mtu akabadili nibu kama abadilivyo kifungo.

Wanafunzi wengine hutia nibu ya kuchovya. Itaandika, ndiyo, lakini si kwa siku nyingi. Nibu ile haikufanywa ikae ndani ya wino usiku na mchana. Hushika kutu, na kutu huziba mfereji.

Mwisho mzee akatoa kalamu nzima ya Jinhao, kazi ya Uchina, nibu yake namba 6, akasema ninunue yote kwa ajili ya nibu. Niliona ni upotevu, lakini nikalipa. Akaishika nibu kwa kitambaa, akaivuta moja kwa moja bila kuizungusha, maana kuzungusha huvunja mbavu nyembamba za ulimi. Akailaza juu ya ulimi wa kalamu ya baba, akaviingiza vyote viwili pamoja, kisha akafunga kifuniko polepole mno, akisikiliza. Nibu ikiwa ndefu kupita kiasi, kifuniko huigonga ncha, na kazi yote huwa bure. Haikugonga.

Kalamu sasa huandika mstari mnene kidogo kuliko ule wa baba. Ile nyingine isiyo na nibu nimeiweka darasani, nao wanafunzi wameikongoa mara nyingi hata skurubu zake zimelegea.